Kompyuta Kubwa Chumbani kwa Kijana

Mwezi huu tunaomba mtufuate hadi chumba ambacho siku hizi wengi wetu tunaingia kwa kubisha hodi, yaani chumba cha kijana mwenye kompyuta.

Jumamosi moja ya Februari 2024, yapata saa tatu usiku, nyumbani kwa mmoja wetu jijini Dar es Salaam kulianza kunuka samaki. Mama mwenye nyumba alidhani jirani anakaanga, akaendelea kupanga nguo za kanisani za kesho yake. Baada ya nusu saa harufu ikazidi, na alipochungulia dirishani akaona jikoni kwa jirani ni giza. Akaifuata harufu mpaka chumbani kwa mwanawe. Nyuma ya kitanda, kati ya ukuta na godoro, ekstensheni ilikuwa imebadilika rangi kuwa kahawia, na plagi iliyochomekwa humo ilikuwa imeanza kuyeyuka. Kutoka hapo hadi kwenye godoro ni upana wa kiganja. Mama alikimbilia swichi kuu akaizima. Nyumba nzima ikawa giza, na kijana akapiga kelele kwamba kazi yake ya saa nne imepotea.

Kazi hiyo ina maana yake. Kijana yule anahariri video za harusi na za kwaya, na ndizo zinazomlipia mdogo wake ada ya chuo. Kwa hiyo mama hakuweza kusema tu, "Itoe mashine hiyo nyumbani mwangu," ingawa usiku ule alisema hivyo, tena mara mbili. Ilibidi waketi chini na kujua hasa ni nini kilichoungua.

Hebu tuanze na ulaji wa mashine zenyewe. Kompyuta ndogo ya mapajani hutumia wati 65 hivi. Ya mezani ya kuandikia barua huenda ikatumia wati 100 au 150. Lakini mashine ya kuhariri video, au ya michezo ile ya vita wanayoipenda vijana, ina kadi ya michoro ambayo peke yake yaweza kula wati 300. Kadi ya GeForce RTX 4090, iliyotoka mwaka 2022, imepangiwa wati 450. Mashine nzima ikifanya kazi kwa nguvu hufika wati 500 hadi 700.

Mama atasema, mbona pasi yangu ni wati 1500 na haijaunguza kitu? Ni kweli. Lakini pasi unasimama kando yake kwa dakika ishirini, halafu unaichomoa. Kompyuta ya kijana hufanya kazi saa nane mfululizo, usiku, mlango umefungwa, na soketi iko nyuma ya kitanda ambako hakuna anayetia mkono. Kiungo kilicholegea ambacho pasi ingekipasha joto kidogo na kukiacha kipoe, kompyuta hukipasha usiku kucha. (Na kwa anayenunua umeme wa LUKU, wati 500 kwa saa nane ni yuniti 4 kila usiku. Ukiona yuniti zinayeyuka, usimshuku msichana wa kazi kwanza.)

Sasa tuhesabu vilivyochomekwa kwenye ekstensheni ile. Kompyuta wati 600, skrini 40, feni 60. Kisha dada yake akaja kupiga pasi humo humo, wati 1500, kwa kuwa soketi ya chumbani kwake ilikuwa mbovu. Jumla ni wati 2200. Umeme wetu Tanzania ni wa volti 230. Ukigawanya unapata ampea 9 na nusu. Ekstensheni ilikuwa imeandikwa ampea 13. Kwa hesabu hiyo haikupaswa kuungua, na kijana alishikilia hoja hiyo mpaka fundi alipokata ule waya na kuwaonyesha. Ndani ya gamba nene la plastiki kulikuwa na nyuzi chache za shaba, nyembamba. Maandishi ya nje yalisema uongo. Nao umeme una tabia hii: ukipitisha mara mbili ya kiasi cha awali katika waya ule ule, joto haliongezeki mara mbili bali mara nne.

Wengi wetu tunaamini kwamba hatari ikitokea, breka kwenye boksi la ukutani itajizima yenyewe. Usiku ule haikujizima, wala haikuwa mbovu. Breka ya soketi huwekwa kulinda nyaya zilizomo ukutani, na kwa kawaida ni ya ampea 20 au 32. Ampea 9 kwake ni jambo dogo. Haijui kwamba mbele ya soketi kuna waya dhaifu, wala haioni joto la plagi iliyolegea. Aliyeona alikuwa mama na pua yake. Harufu ile ya samaki ni plastiki ya soketi au plagi inayopata joto kupita kiasi, nasi tunawasihi msiipuuze hata kama kweli jirani anakaanga.

Basi mara moja kwa wiki, kompyuta ikiwa imefanya kazi saa mbili au tatu, pitisha mgongo wa mkono juu ya plagi, juu ya ekstensheni na kwenye waya wake. Vuguvugu kidogo si neno. Ukihisi joto la kukufanya uondoe mkono, zima na uchomoe. Tazama kama kuna alama ya kahawia kuzunguka matundu. Sikiliza mlio kama wa nyuki. Ona kama plagi inacheza tundumi. Soketi inayocheza haitengenezwi kwa kubanwa na kijiti; inabadilishwa.

Ukinunua ekstensheni, usiridhike na unene wa gamba. Tafuta maandishi yaliyochapwa kwenye waya wenyewe: nyuzi tatu, na ukubwa wa milimita za mraba 1.5. Iwe na plagi ya miguu mitatu yenye fyuzi ndani. Fyuzi ikikatika, nunua nyingine ya kiasi kile kile. Msumari, kipande cha waya au karatasi ya sigara si fyuzi. Usichomeke ekstensheni ndani ya ekstensheni. Usiitumie ikiwa imeviringishwa, kwa sababu joto hukosa pa kutokea. Na pasi, birika la umeme na jiko visikae pamoja na kompyuta, hata kwa dakika tano za kunyoosha shati la Jumapili.

Kuna jambo jingine ambalo yule binti alilisema kwa miezi na hakusikilizwa: kwamba akigusa boksi la chuma la kompyuta akiwa peku, linamtekenya vidole. Kaka yake alimcheka. Kumbe hiyo ni dalili kwamba soketi haina ethi, yaani ule waya wa kijani na njano unaopeleka umeme uliopotea ardhini. Ndani ya kompyuta kuna kichujio cha umeme ambacho huhitaji waya huo. Ukikosekana, boksi hubaki na volti kama nusu ya umeme wa nyumba. Kiasi kinachopita ni kidogo mno na kwa kawaida hakiui. Lakini siku waya wa moto ukigusa chuma kile, hakutakuwa na njia ya kuuondoa isipokuwa mwili wa mtoto. Nyumba nyingi zina soketi ya matundu matatu ambayo tundu la juu halikuunganishwa na chochote, na wapo wanaovunja mguu wa tatu wa plagi ili uingie kwenye ekstensheni ya matundu mawili. Mtoto akikwambia anatekenywa, mwamini.

Tuongeze neno juu ya vitambaa vyetu vya kufuma. Tunavipenda, na kompyuta ikiwa imezimwa vinazuia vumbi vizuri. Lakini ikiwaka hupumua kwa matundu ya nyuma na ya juu, hasa katika joto la Dar es Salaam. Kiondoe kitambaa, isogeze mashine mbali na ukuta kiasi cha shubiri moja, na ndoo ya kupigia deki isipite karibu.

Umeme ukikatika, zima kompyuta kwenye soketi na usubiri dakika chache baada ya umeme kurudi, kwa sababu mara nyingi hurudi kwa kuyumba. UPS husaidia kijana ahifadhi kazi yake, ila betri yake huchoka baada ya miaka 3 hadi 5. Ukiona imevimba, itoe.

Nyumbani kwa mwenzetu, walitafuta fundi mwenye leseni ya EWURA. Alipitisha waya mpya wa milimita za mraba 2.5 kutoka kwenye boksi, wenye breka yake ya ampea 20, hadi soketi moja ya kompyuta peke yake, mbali na kitanda. Alichimbia ethi upya. Aliweka pia kile kifaa kinachokata umeme mara unapovuja ampea 0.03 tu, kiasi cha kumwokoa mtu aliyeshika waya. Kina kitufe cha kujaribia, na mama hukibonyeza kila baada ya miezi mitatu kuona kama kinakata. Kijana alilipa nusu ya gharama kwa fedha za harusi mbili, akinung'unika kidogo.

Walikubaliana pia juu ya moto. Ukitokea, hakuna kumwaga maji kwenye chombo chenye umeme. Anayekuwa karibu na swichi kuu anaizima, watoto wanatoka nje kwanza, na simu inapigwa Zimamoto, namba 114. Mlango wa chumba cha kijana hauzibwi tena kwa kabati. Na kazi ikilazimu kuachwa ifanyike usiku kucha, kama video ndefu za harusi zinavyotaka, kijana halali mpaka amemwonyesha mama plagi, naye mama anaigusa.