Kasiksi si kanyanga, wakubwa wetu watofautishe

Kando ya ziwa, huku kwetu teritware ya Kalehe, pombe imemwagwa tena. Safari hii ni bidoni sita za kasiksi, za lita 20 kila moja, ambazo zilikuwa zifunguliwe siku hiyohiyo saa tisa mchana. Mwenye nazo ni mama aliyekimbia vita Masisi, anayeishi na watoto wake katika chumba kimoja cha nyuma, kwa familia iliyowapokea. Alipouliza kosa lake, akaambiwa vileo vikali vimekatazwa. Jina lake na la kartye nayaacha, kwa sababu bado anakaa hapo na hana pengine pa kwenda.

Nina maoni juu ya jambo hili. Kukataza kanyanga, nakubali. Lakini kuimwaga kasiksi kwa amri iliyotolewa kwa ajili ya kanyanga ni kuwaonea watu, na wanaoonewa zaidi ni wale waliokwisha kupoteza shamba, mbuzi na nyumba.

Huenda baadhi ya wanaotumwa kumwaga wanatoka sehemu ambazo kasiksi haijulikani, basi nieleze kidogo, na wazee wa Kabare, Walungu na Idjwi wanivumilie. Kasiksi inaanzia shimoni. Mikungu ya ndizi za pombe inalazwa ndani ya shimo lililotandikwa majani ya mgomba, inafunikwa, inapashwa joto kwa moshi, kisha inaachwa siku tatu au nne hadi iive. Kukiwa na baridi inakaa zaidi. Ndizi zinamenywa na kukandwa pamoja na majani makali ya porini, yale ambayo wengine wanaezekea nyumba. Majani hayo ndiyo yanayoitoa juisi. Ukikanda ndizi peke yake utapata uji tu. Kazi hii inataka nguvu, na mara nyingi ni vijana wa kiume wanaoifanya, kwa mikono au kwa miguu, ndani ya chombo cha mti kilichochongwa kama mtumbwi mdogo. Juisi ikitoka safi, watoto wanaipewa kwanza, kwa sababu bado haina kilevi chochote. Inaitwa mutobe, na mtoto aliyelelewa penye migomba haisahau ladha yake.

Halafu unakuja mtama, na hapa ndipo rangi inapotoka. Mtama mwekundu unakaangwa, unasagwa, unanyunyizwa juu ya juisi iliyoongezwa maji kidogo. Chachu ya asili ndiyo inayoanza kula sukari ya ndizi. Ukikaanga kidogo, kasiksi inatoka rangi ya udongo mwekundu. Ukikaanga hadi mtama unukie karibu kuungua, inatoka nyeusi ya kahawia, yenye uchungu kidogo nyuma ya ulimi. Ni jambo lilelile wanalofanya watengenezaji wa bia nyeusi za Ulaya: wanachoma nafaka, na rangi inatoka katika moto. Chombo kinafunikwa, kinawekwa mahali pa joto, na baada ya siku mbili au tatu povu linatulia. Hapo kasiksi iko tayari.

Iko tayari, lakini haingoji. Hili ndilo ningependa kila mkubwa alielewe kabla ya kuinua bidoni ya mtu. Bia ya kiwandani inakaa ndani ya chupa miezi mingi; ukiichukua leo na kuirudisha kesho, mwenye duka hajapoteza kitu. Kasiksi inaishi siku chache tu, kisha inakuwa siki. Kwa hiyo siku ya kuifungua ni moja, na wanunuzi wanaijua tangu wiki iliyopita. Mama amekopa mikungu, amelipa vijana wa kukanda, amenunua kuni na mtama, na deni lote linasubiri saa tisa ya siku hiyo. Mkija saa nane mkamwaga, mnakuwa mmemwaga pia minervali ya watoto na kodi ya chumba, na mmemwachia deni la mikungu.

Siku yenyewe ya kufungua ina utaratibu wake. Mwenye pombe anachota kikombe cha kwanza na kukinywa yeye mwenyewe, mbele ya watu wote. Watu wa Kivu wanajua sababu: huku tunaogopa sumu, na hakuna anayepokea kikombe ambacho mwenyeji hajakionja. Baada yake wanaonja wazee wawili au watatu, polepole, bila kusifu haraka. Mmoja atasema mtama umeungua. Mwingine atasema maji yamezidi. Nimehudhuria mara nyingi, nikiwa na kinasa sauti na nikiwa sina, na ninaweza kuwaambia kwamba kasiksi nyeusi nzuri inaanza na ukali unaovuta mashavu, kisha inakuja ndizi, kisha moshi, na mwisho kitu kama ukoko wa ugali ulioungua chini ya sufuria. Mbaya inanuka siki tangu mlangoni, na wazee wataiacha kikombeni bila kusema neno. Mama aliyepata aibu hiyo mara moja hatarudia kupunguza siku za shimo.

Sasa kanyanga. Hiyo si kasiksi kali zaidi, ni kitu kingine. Kanyanga inapikwa. Pombe iliyokwisha kuchacha inachemshwa ndani ya pipa, mvuke unapitishwa ndani ya bomba na kupozwa, na kinachodondoka kinakuwa kikali mara nyingi kuliko kilichoingia. Kasiksi haiwezi kufika huko hata ukitaka, kwa sababu kilevi kikizidi kiasi fulani chachu yenyewe inakufa na kazi inasimama. Tena kuna hatari ambayo macho hayaioni. Pombe ya matunda inakuwa na methanoli kidogo, ambayo katika kikombe cha kasiksi haimsumbui mtu. Katika kupika, methanoli hiyo inatoka pamoja na kilevi cha kawaida na inaweza kubaki ndani ya chupa ya mnywaji. Ikizidi, inapofusha, na inaua. Bomba lenyewe mara nyingine limetolewa kwenye radiyeta ya gari kuukuu, yenye risasi ndani yake. Kwa hiyo atakayekuja kuvunja mapipa ya kanyanga, mimi sitamlilia mwenye pipa.

Na hapa kuna jambo linaloniudhi. Kampuni za bia zikileta chupa mpya mjini, tunafunga barabara. Wanaleta sauti kubwa, miavuli, tisheti, vijana wa kucheza ngoma, na wakubwa wanakaa mstari wa mbele wakionjeshwa bure. Sina ugomvi na bia hizo. Turbo King ninainywa, utamu wake wa sukari iliyoungua unafaa jioni ya mvua, na wenzetu wa Lubumbashi hawatakuruhusu kuisema vibaya Tembo yao. Lakini Turbo King ina kilevi, tena zaidi ya Primus, na imetangazwa kwa miaka kama kinywaji cha wanaume wenyewe. Hakuna aliyekuja kuimwaga kwenye mtaro. Chupa ina lebo na kampuni inalipa kodi, nitaambiwa. Sawa. Basi tuseme tatizo ni kodi na karatasi, tusiseme ni afya ya watu.

Kwingine watengenezaji wadogo wanaheshimiwa. Huko Marekani, katika mji wa Munster, jimbo la Indiana, kuna kiwanda kidogo kinachoitwa Three Floyds. Kina siku moja kwa mwaka ya kutoa bia yao moja nyeusi, iitwayo Dark Lord, na watu wanasafiri kutoka mbali na kupanga foleni ili waipate. Ndani yake wanatia kahawa. Niliposoma hivyo nilicheka kidogo, kwa sababu kahawa ni kitu ambacho Kalehe na Idjwi tunakilima na kukiuza nje, na sijaona mtu huku akijaribu kuitia katika kasiksi. Wazee pengine wangenifukuza. Nataka tu muone kwamba pombe nyeusi ya mikono, inayofunguliwa siku moja mbele ya watu wanaoingojea, kwingine ni sikukuu ya mji. Kwetu ni kosa.

Nimezungumza pia na wanaopinga, na baadhi yao ni akina mama. Mmoja aliniambia kwamba franka za mume wake zinaishia kwenye kasiksi, na kipigo kinarudi nyumbani. Sitamwambia kwamba hajui anachosema. Mahali ambapo watu wamekimbia vita, wanaume wengi wamekaa bila shamba na bila kazi, na kikombe kipo karibu. Walimu nao wanalalamika kwamba wanafunzi wanapita penye pombe wakienda shuleni. Haya ni kweli na yanataka sheria. Lakini kumwaga hakujawazuia. Kumesababisha kasiksi ihamie ndani, usiku, nyuma ya turubai. Hakuna mzee wa kuonja. Mama hawezi kungoja siku nne za shimo kwa hofu ya kukamatwa, basi anatia sukari na chachu ya mikate ili iwake haraka. Maji anachota popote, gizani, na sisi watu wa kando ya ziwa tunajua kipindupindu kinavyotembea. Wengine wameiacha kasiksi kabisa na kuingia katika kanyanga, kwa hesabu nyepesi sana: adhabu ni ileile, na chupa ya kanyanga inafichika chini ya kitenge, bidoni ya lita 20 haifichiki.

Hapo ndipo amri inapojipinga yenyewe. Imekataza vitu viwili kwa pamoja, ikaua kile kisicho na hatari kubwa na kulisha kile chenye sumu.

Niseme pia juu ya migomba, ingawa ni habari ndefu ya kipindi kingine. Ugonjwa wa kunyausha migomba, ule wanaouita BXW, ulionekana Uganda mwaka 2001, na kwetu Masisi ni miongoni mwa sehemu za kwanza kuguswa. Unasambazwa na panga lisilosafishwa na wadudu wanaotembelea ua la mgomba. Dawa yake ni kuvunja ua la kiume kwa kijiti chenye panda, kuchoma panga kwenye moto, kung'oa mgomba mgonjwa. Shamba ambalo mwenyewe amekimbia halina wa kufanya hayo. Kwa hiyo ndizi za kasiksi zinazofika hapa kwa mitumbwi na kwa migongo ya watu zinazidi kuwa chache na ghali, na kila bidoni iliyomwagwa inauma zaidi kuliko miaka iliyopita.

Ninachoomba kwa wakubwa wetu, kuanzia shefu wa kartye hadi kwa wanaotia sahihi amri, si kitu kigumu. Amri itaje kanyanga kwa jina na kuiacha kasiksi. Anayetaka kufungua amjulishe shefu siku mbili kabla, na shefu asigeuze taarifa hiyo kuwa kodi ya mfukoni mwake, maana najua mahali ambapo imekuwa hivyo. Pombe ifunguliwe mchana, mahali pa wazi, mbali na shule, na ifungwe saa kumi na mbili jioni. Mtoto asiuziwe wala asitumwe kuuza. Maji ya kuongeza yachemshwe au yatiwe dawa. Mwenye kasiksi anyweshwe kikombe cha kwanza kama desturi inavyotaka, na mtu wa afya wa kartye awepo kama anaweza. Atakayekutwa na pipa na bomba nyumba hiyohiyo, huyo apoteze vyote viwili.

Kwa akina mama wanaotengeneza, nanyi nina neno. Msiongeze kitu kikali ili wateja warudi. Mkifanya hivyo, mimi sina tena cha kuwatetea nacho.

Ijumaa jioni tutalizungumzia jambo hili hewani, pamoja na mzee mmoja wa Idjwi ambaye amefungua kasiksi nyingi kuliko umri wangu, na tumemwalika pia anayehusika na usalama katika eneo letu. Bado hajajibu. Mama yeyote aliyemwagiwa, mwenyeji au mhami, atutumie ujumbe kabla ya Alhamisi: ni bidoni ngapi, siku gani, na kama kuna karatasi yoyote aliyoachiwa. Majina hatutayasoma.