Kicheko kisichomvunjia mtoto heshima

Binti yangu alihamia shule moja ya Dar es Salaam akitokea Pemba, na wiki haikumalizika kabla hajapoteza jina tulilompa siku ya akika yake. Darasa zima likawa linamwita Mpemba. Lafudhi yake iliigizwa, naye akaanza kujibu maswali kwa kutikisa kichwa ili asifungue kinywa. Nilipolalamika niliambiwa kuwa watoto wanataniana tu. Ni katika siku hizo mpwa wangu alipotuletea kitabu cha katuni za Kijapani kiitwacho Azumanga Daioh, nami nikakipokea kwa shaka, maana si kila katuni inayofika mikononi mwa watoto wetu ni ya kuaminiwa.

Mchoraji wake ni Kiyohiko Azuma. Katuni hizo zilitoka katika jarida la Dengeki Daioh tangu mwaka 1999 hadi 2002, zikakusanywa katika vitabu vinne, kisha zikafasiriwa kwa Kiingereza. Kila kisa kina picha nne zilizopangwa kutoka juu kwenda chini. Ya kwanza hufungua jambo, ya nne huleta kichekesho, na mara nyingine picha ya mwisho haina neno hata moja ila uso wa mtoto aliyeduwaa. Yanayosimuliwa ni maisha ya wasichana wachache wa sekondari kwa miaka mitatu, mpaka wanapohitimu: mitihani, chakula cha mchana, michezo, safari ya shule. Hamna vita wala majini.

Miongoni mwao yumo msichana aliyehamia kutoka mji wa Osaka. Jina lake ni Ayumu Kasuga, lakini wenzake walimbandika jina la Osaka, na hata mwalimu akalishika. Wajapani wengi huwadhania watu wa Osaka kuwa wepesi wa maneno na wachangamfu. Huyu ni mzito wa kusema, na akili yake huzurura kwenye mambo ambayo hakuna mwingine angeyawaza. Binti yangu alipofika hapo alinyamaza, kisha akauliza: "Baba, mbona yeye halii?"

Aya ya 11 ya Surat Al-Hujurat inatukataza kudharauliana na kuitana kwa majina ya kejeli. Wakati huohuo tunajua kuwa Sahaba mtukufu Abu Hurayra (R.A.) alijulikana kwa jina lililotokana na kipaka chake, nalo limebaki jina la heshima hadi leo. Kwa hiyo ubaya hauko katika jina la utani peke yake. Osaka halii kwa sababu hakutengwa. Wenzake humsikiliza mpaka mwisho wa fikra zake za ajabu, hushangaa, hucheka, na kesho yake wako naye tena. Hata hivyo nakiri kuwa hakuna aliyemwomba ruhusa, na mimi kama mzazi ningependa angeombwa.

Yupo pia Chiyo, mtoto wa miaka 10 aliyeingizwa sekondari kwa sababu ya akili zake. Kwetu mtoto wa namna hiyo angechukiwa kabla ya mtihani wa kwanza. Hapa wakubwa wake wanamlea kama mdogo wao, wanaiga kazi zake za nyumbani (hilo silisifu), naye anabaki mtoto. Lakini nampenda zaidi Sakaki, msichana mrefu, mkimya, hodari wa michezo, ambaye shule nzima inamwogopa kidogo. Siri yake ni kwamba anapenda paka kupita kiasi, na kila akinyoosha mkono kumgusa paka mmoja wa mtaani, paka humng'ata. Kichekesho hiki hurudiwa mara nyingi na hakichakai, kwa sababu tunacheka huku tukimwombea afanikiwe. Mwishoni hufanikiwa, tena kwa paka mwitu mchanga kutoka kisiwa cha Iriomote.

Wazazi wasimkabidhi mtoto kitabu hiki wakaondoka. Yumo mwalimu mmoja, Kimura, anayewatazama wanafunzi wake wa kike kwa tamaa, na mchoraji amelifanya hilo kuwa mzaha. Hapo mimi sicheki, wala sioni mzazi wa binti anayeweza kucheka. Zimo pia picha za bwawa la kuogelea na walimu wanaolewa. Tulisoma pamoja, na tulipofika kwa Kimura tulisimama tukazungumza, mazungumzo ambayo nilikuwa nimeyaahirisha kwa muda mrefu kwa kuona haya.

Baadaye nilimwuliza binti yangu kuhusu jina lake la shuleni, jambo ambalo mimi mwenyewe sikuwa nimelifanya. Alisema msichana anayekaa naye dawati moja akimwita Mpemba anaitika kwa furaha. Kwa wengine, anataka jina lake.