Mshauri Huru wa Usalama wa Chakula na Karai la Nyalenda

Aghalabu anapotajwa mshauri huru wa usalama wa chakula, wengi humwaza mtaalamu mwenye koti jeupe akipita kiwandani na kipimajoto mkononi. Ni nadra kumwaza akiwa ameinama kando ya karai la mafuta mtaani Nyalenda, Kisumu. Dhana hiyo ina historia yake. Mwishoni mwa mwaka 1997, kufuatia mkurupuko wa kipindupindu, Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Msumbiji hadi katikati ya mwaka 1998. Mnamo 1999 soko lilifungwa tena, safari hii kwa sababu ya sumu iliyotumiwa kuvulia ziwani. Viwanda vya sangara vikalazimika kufuata mfumo wa HACCP, ambao huitafuta hatari katika kila hatua ya kazi badala ya kungoja kukagua bidhaa iliyokwisha kufungwa.

Minofu ikaenda Ulaya. Vichwa na mifupa vikabaki. Wakazi wa Kisumu wakaviita mgongo wazi, jina la Kiswahili lililozaliwa papo hapo bila kungoja kikao cha wanaistilahi. Kina mama wa mitaa kama Obunga wakavikaanga na kuviuza. Samaki mmoja, basi, alilindwa na wataalamu upande wa minofu, na kwa bahati tu upande wa mifupa.

Yapo maoni kwamba mwenye kibanda hahitaji mshauri maadamu afisa wa afya ya umma yupo. Maoni haya yanasahau tofauti ya kazi zao. Afisa huja na sheria. Anaweza kufunga kibanda. Mbele yake mama huificha ndoo ya maji ya kisima. Mbele ya mshauri aliyemwajiri mwenyewe, ataitoa ndoo hiyo na kuuliza afanyeje. Nalo swali hilo ni zito Nyalenda, ambako visima vifupi na vyoo vya shimo vimekaribiana mno, na maji ya mfereji hununuliwa kwa mtungi.

Gharama ni hoja ya kweli. Kibanda kimoja hakiwezi. Chama cha vibanda kumi au kumi na vitano kinaweza kumlipa mshauri kwa siku mbili. Ila wachunge uhuru wake. Mtu anayeuza dawa ya kusafishia ataona uchafu unaotibiwa na dawa yake tu, na afisa anayetoa leseni asubuhi hawezi kulipwa ushauri jioni na mtu yule yule.

Hata hivyo, kikwazo kikubwa zaidi ni lugha, na hapa ndipo wanafunzi wa Kiswahili wanapoguswa. Ripoti ya kurasa thelathini kwa Kiingereza haimfai mtu anayeendesha biashara yake kwa Kidholuo na Kiswahili. Wala haifai kukimbilia istilahi kama "uchafuzi mtambuka", ambazo huridhisha kamusi na kumwacha mpishi palepale. Aambiwe kwamba kisu kilichopasua samaki mbichi kisikate kachumbari kabla ya kuoshwa kwa sabuni. Shirika la Afya Duniani hushauri chakula kilichopikwa kihifadhiwe chini ya nyuzi 5 au juu ya nyuzi 60. Kibandani, ambako hamna kipimajoto wala friji, maana yake ni kwamba samaki aliyekaangwa asubuhi asiachwe sinia moja hadi jioni. Kutafsiri huko kunadai mtu anayeijua lugha na aliyekaa karibu na jiko. Chuo Kikuu cha Maseno hakiko mbali, na wanafunzi wa Kiswahili wangeweza kuandamana na mshauri, kisha ripoti ikaandikwa upya katika ukurasa mmoja wa kubandikwa ukutani.

Katiba ya mwaka 2010 iliikabidhi kaunti kazi ya kutoa leseni kwa wauzaji wa chakula. Ada hizo hutoka mifukoni mwa kina mama hawa hawa. Sehemu yake ingeweza kusaidia kumlipa mshauri. Lakini mkataba utiwe saini na chama, na ripoti ikabidhiwe chama kwanza. Ikianzia mezani kwa kaunti, ndoo zitafichwa tena.