Mvuke Wetu, Shilingi Moja na Senti 25

Kila kukiwa na mkutano wa tabianchi, serikali yetu hupanda jukwaani kujigamba: karibu nusu ya stima ya Kenya inatokana na mvuke wa ardhini. Ni kweli, na hata mimi najivunia. Olkaria ilianza kuzalisha mwaka 1981. Menengai, hapa juu ya Nakuru, nayo imeshaingia kwenye gridi.

Sasa tuache makofi, tupige hesabu. Sheria ya Nishati ya 2019 inamtaka mzalishaji alipe mrabaha wa asilimia 1 hadi 2.5 ya thamani ya mvuke kwa miaka 10 ya kwanza. Kwenye mrabaha huo, serikali kuu inabeba asilimia 75, kaunti 20, jamii ya pale 5. Yaani mvuke wa shilingi 1,000 ukitoka, wenyeji, wakibahatika sana, wanapata shilingi 1 na senti 25. Hiyo hata andazi hainunui.

Na gharama wameshalipa. Mwaka 2014 familia za Wamaasai zilihamishwa kupisha mtambo wa Olkaria IV. Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia lenyewe lilikuta kasoro katika uhamisho ule.

Msiniambie napinga maendeleo. Sitaki kisima hata kimoja kifungwe. Nataka Bunge liongeze fungu la jamii, na malipo yatangazwe hadharani, kila mwaka, shilingi kwa shilingi. Bila hivyo, mkisema nishati hii ni safi, nitauliza: safi kwa nani?