Usiulize "bei ya mwisho" kabla hujapiga hesabu ya gari mwenyewe

Wadau, kila wiki kwenye makundi ya wauzaji wa huku kwetu Musoma, Bunda na Butiama lazima mtu aandike: "IST kali sasa hivi ni milioni ngapi?" Anajibiwa na watu kumi, kila mmoja na bei yake, na wote wanaweza kuwa sahihi. Bei hiyo inategemea nani anauliza, katokea wapi, na ana haraka kiasi gani.

Sisi tunaouza mtandaoni huu mchezo tunaujua. Mteja akikuandikia "bei ya mwisho?" kabla hajauliza saizi wala rangi, unajua hapo hapo kwamba mzigo haujui. Unampunguzia elfu mbili uliyokuwa umeiongeza mwenyewe, anashukuru, mnaachana vizuri. Muuzaji wa gari anafanya hivyo hivyo, ila elfu mbili yake ni milioni mbili, na milioni mbili kwa wengi wetu ni mzigo mzima wa viatu au mabalo ya nguo ya kuuza hadi Krismasi.

Msimamo wangu ni huu: bei ya gari haishuki kwa kulialia. Inashuka ukiwa unajua gari ile imemgharimu muuzaji kiasi gani hadi kufika pale ilipopaki.

Tuanze na neno "mpya". Gari ndogo ya sifuri kilomita kutoka kwa wakala wa kampuni, wengi wetu hatufiki huko. Mitaani kwetu "mpya" maana yake imetoka Japani, kule imetumika miaka kadhaa, lakini Bongo haijaguswa. IST ya kwanza ilitengenezwa kuanzia 2002 hadi 2007, ya pili ikaendelea hadi 2016 ikaishia hapo. Kwa hiyo hata ile wanayoiita "new model" siyo mtoto. Wanaopenda za sporti zaidi wanatafuta Vitz RS, Swift Sport au Fit RS, na hizo nazo zinakuja kwa njia hiyo hiyo: mnada Japani, meli, bandari ya Dar, kodi, namba, yadi.

Sasa kodi. TRA wana kikokotoo cha magari yaliyotumika kwenye tovuti yao. Unachagua aina ya gari, modeli, mwaka, ukubwa wa injini na nchi ilikotoka, kinakupa jumla ya kodi. Ni bure, unafanya kwa simu hii hii unayopostia bidhaa. Na ujue kwamba TRA wana thamani yao waliyoiweka kwa kila gari, hata kama risiti yako ya Japani inasema ulinunua kwa bei ya chini.

Chukua mfano, namba nimezichagua ziwe rahisi tu. Gari ya injini ya cc 1500, ina zaidi ya miaka 10, imethaminiwa dola 2,500 hadi bandarini Dar es Salaam. Ushuru wa forodha asilimia 25, hiyo dola 625. Jumla inakuwa 3,125. Juu ya hiyo unaweka ushuru wa bidhaa asilimia 5, kwa kuwa injini imezidi cc 1000 na haijazidi 2000: dola 156. Halafu ule wa uchakavu, asilimia 30 kwa gari iliyozidi miaka 10: dola 938. Kisha VAT asilimia 18 juu ya mkusanyiko wote huo: kama dola 759. Kodi peke yake imefika karibu dola 2,480, na hapo sijagusa tozo ya reli, ya forodha, wala usajili.

Yaani kodi inakaribia kulingana na gari yenyewe. Gari ikiwa na miaka 8 hadi 10, uchakavu ni asilimia 15. Chini ya miaka 8 hakuna, ila bei ya Japani inapanda. Bajeti inaweza kubadilisha viwango hivi kila Julai, kwa hiyo siku ya kununua rudi kwenye kikokotoo, usitumie posti yangu. Mimi nimeishia form four na hesabu zote hizi ni kujumlisha na asilimia, hamna cha ajabu.

Ukishapata kodi, ongeza bei ya gari kule Japani pamoja na meli (kampuni zinazouza mtandaoni kama BE FORWARD na SBT zinaonyesha bei hadi Dar, unatafuta gari inayofanana kwa mwaka na hali), ongeza wakala wa kutoa mzigo, gharama za bandari, bima na namba. Hiyo ndiyo gharama. Kinachobaki kutoka hapo hadi bei aliyokutajia ni faida yake na cha juu cha dalali. Unabishania hicho tu. Kodi imeshalipwa na hairudi, ukimlilia muuzaji apunguze kodi unajichosha bure.

Na hapa nasema kitu ambacho wengine hawatakipenda. Tuseme umepiga hesabu ukapata milioni 14 na nusu, yeye anasema 15 na nusu. Mlipe. Ana pango, ana vijana wa kuosha magari, hela yake imelala baharini wiki nyingi. Wewe ungeuza gauni la elfu 30 bila faida? Lakini akisema 18 na nusu, kuna milioni nne katikati, na hapo una haki ya kukaa kwenye kiti na kuuliza taratibu: "Boss, nimeangalia gari kama hii hadi Dar, na kodi nimeiona. Nieleze hizi nne zinatoka wapi." Usipandishe sauti. Nyamaza, subiri ajibu. Wengi huanza kushuka kabla hujataja bei yako.

Akijibu "hii ni namba E", hapo tulia tena. Hili la namba limewachanganya watu sana huku Mara. Herufi ya kwanza baada ya tarakimu inakwambia gari ilisajiliwa Tanzania lini, haikwambii ilitengenezwa lini. Unaweza kukuta IST ya 2004 yenye namba E, na pembeni yake ya 2008 yenye namba D iliyotunzwa na mwalimu aliyekuwa akienda nayo kanisani na sokoni tu. Wanunuzi wanaongeza hela kwa ajili ya herufi moja ya kwenye bati! Ni kweli namba E haijazipiga barabara zetu kwa muda mrefu, hiyo ina thamani yake, sikatai. Lakini mwaka wa kutengenezwa umo kwenye kadi. Soma kadi, siyo bati.

Soma na namba ya chesisi. Kwa IST ya zamani, ikianza na NCP60 hiyo injini ni 1.3. NCP61 ni 1.5. NCP65 ni 1.5 inayovuta magurudumu yote manne. Ile ya pili, NCP110 ni 1.5 na ZSP110 ni 1.8. Tangazo likisema 1.5 na chesisi inasema NCP60, umepata sababu ya kushusha bei bila ugomvi wowote. Rimu za sporti, spoila na mziki mnene visikupandishie bei. Hivyo unaweza kuvinunua mwenyewe taratibu ukishaanza kupata oda za kupeleka. Fundi wako lazima uende naye na umlipe wewe mwenyewe kabla, asisubiri asante kutoka kwa upande wa pili.

Kuna silaha moja ambayo sisi watu wa mtandaoni tunaiweza kuliko mtu mwingine yeyote. Ingia ukurasa wa yadi, shuka chini. Tafuta gari unayoitaka ilipostiwa mara ya kwanza lini. Kama ilianza kuonekana miezi mitano iliyopita, na tangu hapo imepigwa picha upya mara tatu kwa pembe tofauti, huo ni mzigo uliolala. Unajua mwenyewe mzigo uliolala unavyokunyima usingizi. Gari iliyoingia juzi na watu wanaiulizia, hapo usitegemee punguzo kubwa. Za sporti zenye gia za mkono, kama baadhi ya Vitz RS na Swift Sport, naona zinakaa sana kwa sababu vijana wengi wanataka otomatiki. Ukiweza gia za mkono, na fundi wako akakuhakikishia vipuri utavipata, una nafasi nzuri ya kuongea bei.

Sasa tatizo letu la umbali. Musoma hadi Mwanza ni kama kilomita 220, na hadi Dar ni zaidi ya elfu moja. Muuzaji akijua umesafiri usiku kucha, hela iko kwenye simu na nyumbani umeshaaga kwamba unarudi na gari, bei imeisha hapo. Kwa hiyo usimwambie. Akiuliza unakaa wapi, mwambie nina ndugu hapa. (Kama huna, mtafute, Wakurya na Wajita wapo kila mji.) Nenda na nauli ya kurudi mfukoni, na uwe na gari tatu za kuangalia, siyo moja. Anayeweza kuondoka ndiye anayesikilizwa. Na gharama ya kuileta, mafuta, dereva na kulala njiani, iingize kwenye hesabu tangu mwanzo. Gari ya Dar iliyopungua laki tano kuliko ya Mwanza inaweza kukufikia Bunda ikiwa ghali zaidi.

Za kuvuka Sirari kwa "bei ya Kenya" sina maneno mengi. Bila karatasi za forodha, hiyo siyo bei, ni kesi.

Mkopo nao una ujanja wake. Muuzaji atakuuliza kwa upole, "Kwa mwezi unaweza kulipa ngapi?" Ukijibu tu, mazungumzo ya bei yamekufa, mnaongelea mwezi. Tuseme unatanguliza milioni 6, halafu laki tisa kwa miezi 18. Zidisha: milioni 16 na laki mbili, ukijumlisha na ile 6 ni 22 na laki mbili, kwa gari ambayo kwa keshi ilikuwa 16. Milioni sita na ushee imeenda kwa neno "kidogo kidogo". Malizeni bei ya keshi kwanza, iandikwe, ndipo muongelee namna ya kulipa.

Mkishakubaliana, kabla hela haijatoka, andika namba ya gari kwenye mfumo wa polisi wa faini za barabarani. Ikiwa inadaiwa, toa deni hilo kwenye bei pale pale. Linganisha jina la kwenye kadi na kitambulisho cha mtu mnayeongea naye. Hela ya kushikilia gari usimtumie dalali kwenye simu yake. Iende akaunti ya yadi au ya mwenye gari, risiti itoke siku hiyo. Uhamisho wa umiliki TRA mkubaliane nani anaulipia wakati bei bado iko mezani, maana ukishakabidhiwa ufunguo ni wewe tu utakayelipa.

Mwenye gari anayoifikiria sasa hivi aweke hapo chini modeli, mwaka na bei aliyotajiwa, tumpigie hesabu pamoja.