Shamba la Babu: Umiliki Tuutafute Wapi?

Katika familia nyingi za Bariadi, Itilima na Maswa, hitma ikishasomwa tu, huzuka swali la shamba. Mmoja hudai mahame ya babu, mwingine hushikilia eneo ambalo baba alikatiwa na kijiji. Wote wawili huenda wanasema kweli, na hapo ndipo ulipo mtihani.

Wajerumani mwaka 1895 waliitangaza ardhi kuwa mali ya dola, isipokuwa kwa aliyeweza kuthibitisha umiliki wake. Waingereza nao, kwa sheria ya 1923, wakaiweka chini ya mamlaka ya Gavana. Mkulima wa Usukumani hakupewa karatasi. Hati yake ilikuwa minyaa ya mpakani na ushahidi wa majirani. Kisha ikaja Operesheni Vijiji, na kaya zikahamishwa zikaacha minyaa hiyo nyuma.

Mwaka 1994, katika shauri la Akonaay, Mahakama ya Rufani ilitamka kuwa haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Wengi husimamia hapo. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, iliuthibitisha ugawaji uliofanywa vijijini kati ya Januari 1, 1970 na Desemba 31, 1977. Kwa hiyo anayedai mahame ana mzigo mzito kuliko anavyodhani. Tunayasema haya tukijua yatawaudhi baadhi ya wazee wetu.

Anayefuatilia asiishie kwa Msajili wa Hati, maana huko atakuta zaidi viwanja vya mjini. Shamba la kijijini hutafutwa katika masjala ya ardhi ya kijiji na ile ya wilaya, zinakotunzwa kumbukumbu za hati za hakimiliki ya kimila. Asomapo nyaraka kuukuu azingatie majina: Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, hivyo karatasi ya kabla ya hapo itaandikwa Mkoa wa Shinyanga, ya Itilima itasomeka Bariadi, na ya Busega itasomeka Magu, Mkoa wa Mwanza. Wapo waliokata tamaa kwa sababu ya kichwa cha barua tu!

Qur'ani, katika Suratul Baqara aya ya 282, imetuamrisha kuandika deni na kuweka mashahidi. Ajabu ni kwamba twaandikiana deni la gunia la pamba, lakini ekari kumi twaziacha midomoni mwa wazee. Na wanaoumia kwanza ni mabinti na wajane, wanaoambiwa kuwa mila haiwapi ardhi. Suratun Nisaa imewawekea fungu lao, na sheria hiyo ya 1999 imebatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki.

Hati ikipatikana ikiwa bado na jina la marehemu, warithi wasigawane uani. Waende mahakamani, ateuliwe msimamizi wa mirathi, ndipo kila fungu liandikishwe kwa jina la mwenyewe, la dada likiwamo.