Mfumie mtoto mpira, lakini vifungo viache

Mtoto anapozaliwa mjini, wageni hawaji mikono mitupu. Mmoja huleta pakiti ya nepi, mwingine sabuni na mafuta, na yule anayetaka kukumbukwa huleta kitu cha kuchezea: gari la plastiki linalowaka taa, simu bandia inayoimba, au dubu mwenye macho ya kung'aa. Kitu hicho huwekwa kando ya televisheni ili wageni watakaofuata wakione. Mtoto mwenyewe, ambaye hata shingo yake haijakaza, hulala chali akitazama dari.

Mimi nina pendekezo tofauti, msomaji. Chukua sindano mbili na mabaki ya uzi wa sweta, umfumie mtoto huyo mpira. Mpira laini wa ukubwa wa chungwa, ambao upande mmoja una matuta, upande mwingine mifereji, na mwingine vipunje vya kuparuza kidogo. Gharama yake ni ndogo kwa kuwa uzi wenyewe ni masalio, na mtoto atautumia tangu anapoanza kushika vitu hadi atakapokuwa akitembea.

Najua wapo watakaosema kwamba huu ni ushamba, kwamba zawadi ya mabaki ya uzi ni ya watu wasio na uwezo. Hebu tuulize basi ni nini mtoto wa miezi 5 anachohitaji.

Mtoto huzaliwa akiwa tayari kufumba ngumi juu ya chochote kinachogusa kiganja chake, lakini huko si kushika kwa hiari. Ni kufikia miezi 4 au 5 ndipo wengi wao huanza kunyoosha mkono wakifuata kitu wanachokitaka. Kwenye miezi 6 au 7 mtoto hukitoa kitu mkono huu akakitia mkono ule, na karibu na miezi 9 huanza kuokota vitu vidogo kwa kidole gumba na cha shahada. Kazi hii yote ni mafunzo ya vidole na ubongo, na hayafanyiki kwa kutazama taa zinazowaka na kuzimika.

Sasa mpe mpira wa plastiki nyororo. Utateleza, utaruka, utaingia chini ya kiti, na mtoto ataanza kulia. Mpira wa uzi hauna makuu hayo. Vidole vidogo huzama ndani yake vikapata pa kushika. Ukimwangukia puani hauumizi. Ukiviringika, huviringika polepole kisha husimama hatua moja mbele yake, naye huvutika kutambaa akaufuate. Ukiufuma kwa rangi zinazopingana, kama nyeusi na nyeupe, hata mtoto mchanga ataukodolea macho ukiushika sentimita 20 hadi 30 kutoka usoni mwake, maana huo ndio umbali anaoona vizuri.

Wala si wazo la jana. Mjerumani Friedrich Fröbel, ambaye mwaka 1837 alifungua shule ya watoto wadogo katika mji wa Blankenburg na ndiye aliyeasisi shule za chekechea, alipanga vifaa vyake vya kufundishia kwa utaratibu wa zawadi. Zawadi ya kwanza kabisa ilikuwa mipira 6 midogo ya uzi wa sufu, kila mmoja na rangi yake. Karibu karne mbili baadaye, Shirika la Afya Duniani (WHO) na UNICEF walitoa mwongozo wa malezi ya mtoto mwaka 2012, nao pia unawahimiza wazazi kutumia vitu vya kawaida vya nyumbani na vichezeo vya kujitengenezea. Sisi wenyewe, kabla mifuko ya plastiki haijapigwa marufuku humu nchini Agosti 2017, wangapi kati yetu tulianza kandanda kwa mpira wa majuala yaliyofungwa kwa kamba ya katani? Hakuna aliyetuona washamba.

Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo sharti niliungame, kwa maana ndilo lililonifanya niandike makala haya. Kitu kilichotengenezwa nyumbani kwa upendo si salama kwa sababu ya upendo huo.

Miaka kadhaa iliyopita nilimfumia mtoto wa jirani mpira wa manjano. Ulipokamilika nikauona kama unapungukiwa na kitu. Nikachukua vifungo viwili vyeusi vya shati nikaushonea macho. Nilitumia uzi maradufu, nikavuta kwa nguvu, nikaridhika. Mtoto akaupenda. Alipofika miezi 8 alikuwa na meno mawili ya chini, na kazi yake kutwa ilikuwa kuyajaribu. Siku moja mama yake alikuwa akiosha vyombo, akashangaa mbona kumekuwa kimya. Alipogeuka alimkuta mtoto ameketi na mpira mapajani, mpira wenye jicho moja. Kifungo cha pili kilikuwa juu ya ulimi, bahati nzuri mbele kabisa, akakiona na kukitoa. Jioni aliniletea ule mpira umefungwa kwenye gazeti. "Dada," akaniambia kwa upole, "huu mpira macho ulikuwa wa nini?"

Sikuwa na jibu. Mtoto hakuyahitaji. Macho yale niliyaweka kwa ajili ya wageni watakaouona mpira na kuuliza ni nani aliyeufuma.

Hapo ndipo ninapotofautiana na baadhi ya mafundi wenzangu. Wanaufuma mpira vizuri, kisha wanauharibu kwa mapambo: shanga, kengele, utepe, mashada ya nyuzi. Mtoto wa umri huo huchunguza dunia kwa kinywa, na chochote kinachoweza kung'oka ipo siku kitang'oka. Njia yake ya hewa ni nyembamba mno, na kitu kidogo kinatosha kuiziba. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1994 iliwalenga watoto wa chini ya miaka 3, na mpira unaopita katika tundu la upana wa milimita 44 hivi hauruhusiwi kuuzwa kama kichezeo chao. Wako uwe na upana wa sentimita 7 au 8. Kamba ya kuuning'iniza usiitie, ingawa mipira ya Fröbel ilikuwa nayo. Inaweza kumzonga mtoto shingoni. Na nyuzi zinazolegea zifiche ndani, maana uzi mmoja ukijizungusha kwenye kidole cha mtoto unaweza kuzuia damu mpaka kidole kivimbe, naye hawezi kukueleza analilia nini.

Kufuma kwenyewe hakuhitaji uhodari. Unafuma kipande cha mstatili chenye upana wa sentimita 12 na urefu wa sentimita 24. Tumia sindano nambari 10, ambazo ni nyembamba kidogo kuliko unazofumia sweta, ili mishono ikazane na vilivyomo ndani visichungulie. Anza na mishono 30 hivi, upime kwa rula. Sentimita 6 za kwanza fuma kila safu kwa mbele, upate matuta. Sita zinazofuata fuma miwili mbele na miwili nyuma, upate mifereji kama ile ya mwisho wa mkono wa sweta. Halafu mmoja mbele na mmoja nyuma, ukigeuza katika kila safu, upate punje kama za mtama. Sita za mwisho ziwe nyororo: safu moja mbele, inayofuata nyuma. Badilisha rangi kila sehemu ukipenda. Kisha unganisha mwanzo na mwisho, pitisha uzi kwenye ukingo mmoja na kuukaza kama mdomo wa mfuko, jaza, na ukaze ukingo wa pili. Shona mara mbili mahali pote palipounganishwa.

Katika kujaza, wengi hukosea. Usitie maharagwe wala mchele ili mpira ulie. Mshono ukifumuka punje zitaishia kinywani, na haragwe likiingia kwenye njia ya hewa hufyonza maji na kuvimba. Sponji iliyokatwakatwa nayo humegeka. Pamba ya duka la dawa hushikamana ikilowa na huchukua muda kukauka, ikaota ukungu. Kinachofaa zaidi ni mabaki ya uzi ule ule, au nyuzi laini zinazojazwa kwenye mito, zikiwa safi.

Kabla ya kuanza, loweka kipande cha uzi katika maji ya uvuguvugu pamoja na kitambaa cheupe. Ikiwa kitambaa kitapakaa rangi, tafuta uzi mwingine, kwa kuwa rangi hiyo itaishia tumboni mwa mtoto.

Kuhusu vichezeo vya dukani, sisemi vyote ni vibaya. Vipo vizuri, na vipo ambavyo onyo la umri limeandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya sanduku, mahali ambapo mnunuzi hatazami. Kinachonitia hofu zaidi ni vile vyenye betri ndogo za mviringo kama za saa, hasa ikiwa kifuniko chake hakina skrubu. Betri hiyo ikikwama kwenye umio inaweza kuuchoma vibaya kwa muda wa saa 2. Mtoto akiimeza ni wa kukimbizwa hospitalini papo hapo.

Yafaa pia wazazi na mayaya wajue la kufanya mtoto wa chini ya mwaka mmoja anapopaliwa na kushindwa kulia au kukohoa. Hulazwa kifudifudi juu ya mkono, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, akapigwa makofi 5 kati ya mabega. Kitu kisipotoka, hugeuzwa chali na kusukumwa katikati ya kifua mara 5, ikirudiwa hivyo huku msaada ukiitwa. Usiingize kidole kutafuta kitu usichokiona, utakisukuma ndani. Mwombe muuguzi akuonyeshe siku ya kliniki.

Mpira wenyewe ni wa mtoto aliye macho, na mtu yuko karibu. Anapolala uondoe kitandani, pamoja na mito na midoli yote laini, hadi atimize mwaka mmoja, kwa sababu vitu laini vinaweza kumziba pua. Najua baadhi ya akina mama huona kitanda kitupu kama ishara ya kutojali. Acha kionekane hivyo.

Ufue mara kwa mara kwa sabuni, uusuuze vyema, uukamue ndani ya taulo na kuuanika juani mpaka ukauke hadi katikati. Ukiweza fuma miwili, mmoja ukiwa kwenye kamba mwingine uwe mkononi. Kila unapoufua, uvute kwa vidole gumba penye mshono. Ukiona tundu, hata la kupita kijiti cha kiberiti, usimrudishie mtoto kabla ya kuliziba, na likifumuka tena utupe.